Hita Isiyokula Umeme

Jumatatu, 8 Julai

Mke wangu ameondoka. Kambeba mtoto, ambaye hajafikisha hata miezi miwili, kahamia kwa dada yake. Kisa? Baridi! Kasema mtoto anakohoa, na kwamba chumba hiki ni cha kuhifadhia nyama, si cha kulea mtoto. Atarudi siku kutakapokuwa na joto. Nikaapa kwamba Jumamosi atakuta joto la kuvulia shati.

Sasa uchungu wenyewe. Kwa dada yake kuna hita kubwa ya mafuta, mali ya mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo dada, bingwa wa kujua kila kitu. Hakukawia kunipigia simu kunifundisha maisha. Eti kwanza nizibe dirisha, maana kona ya kioo imevunjika na tundu linapitisha ngumi. Eti nikishaziba, hita yoyote inayojizima yenyewe chumba kikipata joto itatosha, na umeme hautakwenda bure. Nikamjibu kwamba dirisha ni la mwenye nyumba. Nimlipe kodi, halafu nimkarabatie na mali yake? Mimi si mjinga.

Mwenye nyumba nilimwambia tangu nahamia. Akaahidi kuja kuliangalia. Akaja, akaliangalia, akaondoka.

Jumanne, 9 Julai

Madukani. Muuzaji kanionyesha hita ya feni, ya mafuta, ya kutundika ukutani. Nikauliza ipi inakula umeme kidogo kuliko zote. Akasema ile iliyozimwa. Wauzaji wa siku hizi hawana adabu! Akataka kujua naishi nyumba gani, naishi na nani, madirisha yanafunga? Nikamwambia nimekuja kununua hita, sijaja kuposa.

Nimechukua ndogo kuliko zote. Haizidi mkate. Tumbo dogo hivyo litakula nini? Kwenye boksi kuna picha ya familia imevaa mikono mifupi, inacheka. Mwanyumba atanitambua.

Jumatano, 10 Julai

Hita inafanya kazi. Imepasha goti langu la kulia. La kushoto linasubiri zamu. Nimegundua tatizo: joto halijapata muda wa kujaa. Nimeiacha inawaka, nimekwenda zangu kazini stoo, ili lijikusanye taratibu.

Jioni. Uniti za umeme zimekwisha! Chumba ni baridi vilevile, na sasa kina giza. Pazia linapepea. Nimekula mkate mkavu nimevaa koti, huku namlaani mwenye nyumba.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeongeza umeme. Nimenunua na hita ya pili, pacha wa ya kwanza. Moja upande huu, moja ule, mke wangu katikati. Hiyo ndiyo akili.

Mwenzangu wa stoo, ninayefunga naye maboksi, kasikia mkasa wangu. Akataka kunipa kipande cha boksi gumu na tepu ya kufungia mizigo. Kasema ni kazi ya kufumba na kufumbua. Bure kabisa! Nikakataa. Nikiziba leo, kesho mwanyumba atautangazia ukoo mzima kwamba ndiye aliyenifundisha. Na mwenye nyumba atapata dirisha bila jasho. Niwafurahishe watu wawili kwa mkupuo mmoja? Thubutu!

Jumamosi, 13 Julai

Wamekuja. Dereva ni mwanyumba, nani mwingine. Nikamkalisha mke wangu katikati ya hita zangu, nikamwambia amvue mtoto shali. Akasema bado. Nikamwambia basi avue japo viatu vyake. Akamkazia mtoto shali.

Mwanyumba hakukaa. Kaenda moja kwa moja dirishani, kapitisha mkono tunduni, kawapungia wapita njia. Mmoja akampungia naye! Nikajifanya sioni. Nikawasha birika la umeme, angalau wapate chai ya moto. Paa! Swichi kuu ikaruka. Korido nzima ikapiga kelele, na mama wa chumba cha pili akautukana ukoo wangu. Mtoto akapiga chafya, kisha akakohoa kile kikohozi chake kidogo, kikavu.

Mke wangu hakugomba. Heri angegomba. Kauliza tu lile dirisha lilinishinda nini. Nikasema ni suala la msimamo. Akauliza kifua cha mwanawe nacho kina msimamo gani. Waliposhuka ngazi roho iliniuma sana, na sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 14 Julai

Mke wangu kapiga simu. Sauti ya upole, ile ya zamani. Kasema amenikumbuka. Kwamba hataki hita, hataki makuu. Niweke hata gazeti pale tunduni, yeye arudi kesho. Nilitokwa na machozi, kusema kweli. Nilipofungua begi langu la kazini nikaikuta ile tepu. Mwenzangu wa stoo alinitilia kwa siri, pamoja na kile kipande cha boksi. Nikapanda kiti. Nikapima. Nilikuwa nimeshakishika pale kwenye kioo!

Ujumbe ukaingia. Mwanyumba. Eti kasikia naziba dirisha, nikumbuke tepu inapigwa kwa ndani, si kwa nje.

Ebo! Nimeshuka kwenye kiti. Tepu nimeirusha nje kupitia tundu lilelile. Imepita bila hata kugusa kioo.

Jumanne, 16 Julai

Mwanyumba kaja kuchukua kitanda cha mtoto. Alikuwa mpole. Kanipa pole, wala hakutaja dirisha. Hilo ndilo lililonikata maini. Mke wangu hakupanda juu. Alibaki garini, mtoto kifuani, vioo vyote vimepandishwa. Nikampungia kutoka dirishani. Akamfunika mtoto kichwa, wakaondoka.

Chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Pale kilipokuwa kitanda cha mtoto zimebaki alama za miguu yake minne sakafuni. Nimekaa hapohapo chini, nimelia. Nilipomaliza kulia, akili ikafunguka. Hizi hita mbili nilizinunua kwa hesabu ya watu watatu! Sasa nimebaki mmoja. Tangu juzi nala hasara na sijui.

Kesho asubuhi nazirudisha dukani. Haiwezekani wasiwe na ndogo zaidi.