Mto Uliohama Bila Kibali

Wananchi wote, wenye nyumba na wapangaji, wanajulishwa kwamba Mfereji Mkuu wa Kale umepatikana. Haukupatikana ardhini, umepatikana kwenye kitambaa. Nasema haya kwa mamlaka kamili, kwa kuwa mimi ndiye mhusika wa chai katika Kamati ya Kubaini, Kuthibitisha na Kufufua Njia Asilia ya Mfereji, na hakuna kikao kilichowahi kufunguliwa kabla sijamimina.

Mchoro wa kwanza wa mfereji ulikutwa stoo, umeviringishwa kama mkeka. Wahandisi wa zamani walichora juu ya kitambaa chepesi kama bitana, wino ukapenya hadi upande wa pili. Kamati iliutandaza mezani kwa heshima, ikaweka vikombe vyangu kwenye pembe zote nne usijikunje, na utafiti ukaanza.

Walitafiti miezi kumi na moja.

Tatizo la kwanza lilikuwa maandishi. Hayakusomeka. Akaitwa Mtaalamu wa Lugha, akayakodolea macho siku tatu, akaripoti kwamba hicho ni Kihandisi cha Kale, lugha iliyokufa na wasemaji wake wote. Kamati ikasimama dakika moja kuwakumbuka.

Tatizo la pili lilikuwa mto. Mchoroni ulikuwa kulia kwa mji. Mjini kwenyewe, hata mbuzi anajua, uko kushoto. Kikao hicho kilimaliza pakiti sita za biskuti. Mwishowe ikapitishwa kwa kauli moja kwamba mto ulihama, tena ulihama bila kibali.

Mfereji wenyewe, kwa utiifu wake, haukuhama. Ulibaki kushoto, na kushoto ndiko mtaani kwetu. Mpima Ardhi akaja na kopo la rangi nyekundu, akatia alama milango kumi na tisa. Wa saba ulikuwa wangu. Nyumba hiyo niliijenga kwa cherehani, chumba baada ya chumba, na ndimo nilimowalea watoto watano. Ingebomolewa Jumatatu.

Sasa, mimi nimeshona nguo miaka arobaini kabla ya kupandishwa cheo kuwa wa chai. Uso wa kitambaa na mgongo wake naujua hata nikifumba macho. Nikamnong'oneza Mpima nikimtilia sukari:

"Mwanangu, mbona mchoro mmeulaza kifudifudi? Hapo mnasoma mgongoni."

"Bibi, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Mimi nina digrii mbili. Ongeza maziwa."

Nikaongeza maziwa. Kisha nikapanda ngazi kwa Mkurugenzi mwenyewe, kiongozi wa Kamati. Ni mtu wa watu, alinisikiliza huku anasaini.

"Mama Chai, kila mtu angependa mfereji upite kwa jirani. Ndiyo maana sisi tunafuata mchoro, hatutazami nyuso. Popote mstari unapopita, panabomolewa."

"Popote, baba?"

"Popote. Funga mlango ukitoka."

Jumamosi Waziri alikuja kuzindua ufufuaji wa mfereji. Asubuhi hiyo kitambaa kilikuwa kimekunjamana kama uso wangu, na Mkurugenzi akakumbuka fani yangu ya zamani. "Mama Chai, kipige pasi, ukitundike ukumbini." Nikakipiga pasi mgongoni, kama inavyotakiwa. Nikakitundika uso ukiwa mbele, kama inavyotakiwa. Mtu hatundiki gauni ndani nje mbele ya wageni.

Waziri akavaa miwani. "Kumbe yanasomeka! 'Mto.' 'Soko.' Hongereni sana."

Mtaalamu wa Lugha akaomba ruhusa aende msalani. Hajarudi mpaka leo.

Waziri akaendelea kwa kidole. Mto ulikuwa umerudi kushoto. Mfereji ulikuwa kulia, unaukwea mlima.

"Na hapa juu pana nini?"

Mpima, bila kutumwa na mtu, akajibu: "Mheshimiwa, hapo ni kwa Mkurugenzi. Unaingilia getini, unatokea jikoni."

"Safi sana! Kiongozi anaonyesha njia. Jumatatu aanze yeye."

Mkurugenzi akakirukia kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na moja akakisoma. Alikisoma pua ikigusa. Kwenye pembe ya chini akapata alichokuwa akikitafuta.

"Mheshimiwa, subiri! Hapa wameandika: 'Mpango umekataliwa. Maji hayapandi mlima.' Umekataliwa! Haukuchimbwa! Jamani, mfereji haukuwahi kuwepo!"

Alicheka, akawakumbatia watu wawili asiowajua. Wajumbe wakapiga makofi. Halafu makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, naye akaona aibu akaacha.

Waziri akavua miwani taratibu.

"Kwa hiyo miezi kumi na moja ulikuwa unaongoza utafiti wa njia ya kitu ambacho hakipo."

"Mheshimiwa..."

"Chagua mwenyewe. Ama mfereji ulikuwepo, na Jumatatu nabomoa kwako. Ama haukuwepo, nyumba zote zisimame, na wewe hukuwa na kazi, wala huna."

 Mkurugenzi akawageukia wajumbe wa Kamati. Wote walikuwa wameinamia vikombe kama wanaotafuta mfereji humo ndani.

Mkewe akainuka kutoka mstari wa mbele.

"Haukuwepo, Mheshimiwa! Andika haukuwepo! Mume asiye na kazi nitaishi naye. Bila jiko nitampikia wapi?"