Tembe Pekee Kijijini

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Gari la wageni limepita tena mbele ya nyumba yangu bila kusimama. Limekwenda kwa jirani yangu Matonya. Watumishi watano kutoka mjini, wazungu wawili. Wamepiga picha tembe yake, wamekula ugali wa uwele kwa mlenda, wamesikiliza zeze. Nyumba yangu ina mabati thelathini na hakuna aliyegeuza shingo. Nimemuuliza Aneth, dada anayewatembeza, kasoro yangu ni ipi. Amesema mabati wanayo kwao. Wanataka kuta za udongo na paa la miti lililofunikwa udongo, kama walivyojenga babu zetu. Na mimi nilimcheka Matonya kwa tembe hiyo kanisani, mbele ya waumini wote!

Jumanne, 3 Desemba

Nimepata. Kuta zangu ni za udongo tayari, kasoro ni paa tu. Matonya achukue mabati yangu, mimi nichukue miti ya paa lake. Atabaki na nyumba ya bati kama watu wengine, nami nitakuwa na tembe pekee kijijini. Amekubali kabla sijamaliza kueleza. Maskini, hajui biashara.

Mke wangu Ruthu yuko Makutupora kwenye kibarua cha kupalilia mizabibu. Mabati aliyanunua yeye, kwa misimu mitatu ya kibarua hicho. Nitamweleza taratibu.

Alhamisi, 5 Desemba

Paa limepanda. Zipora, mke wa Matonya, amekuja kunifundisha kazi. Eti udongo wa paa huchimbwa kwenye kichuguu, ukakanyagwa kutwa nzima. Nimemjibu kwamba wageni hawapandi juu kukagua. Nimetumia mchanga wa korongoni, uko karibu.

Ijumaa, 6 Desemba

Ruthu amerudi. Alisimama uani na mzigo kichwani, hakuutua. Akauliza mabati yako wapi. Nikamweleza utalii wa utamaduni, kwa kirefu. Akasema, Baba Elisante, yale mabati ni mgongo wangu. Alisema kwa sauti ya chini. Bora angenitukana. Kisha akasema paa likivuja hata tone, hatalala humu. Nimemhakikishia halitavuja.

Jumapili, 8 Desemba

Limevuja. Kwanza mbuzi wa Matonya alipanda juu ya paa, akashukia chumbani. Kwenye tundu lake ikafuata mvua, na nyuma ya mvua mchanga wote wa korongoni. Ruthu alijitwika godoro akahamia kwa Zipora. Nilimfuata nikamuuliza kama ananikimbia. Akajibu kwamba hajamkimbia mtu, ameyafuata mabati yake. Zipora akammiminia chai. Mimi sikukaribishwa.

Kutoka kwao hadi kwangu ni hatua arobaini. Leo zilikuwa nyingi mno. Roho imeniuma, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru

Aneth ameleta wageni wa sikukuu. Paa langu lote liko chini na ukuta wa mashariki umelala juu yake. Wote wamekwenda kwa Matonya, maana mawingu yalikuwa yanarudi na kwake ni pakavu. Ruthu anawafundisha kusaga uwele kwenye jiwe. Nimesikia kicheko chake. Sikumbuki ni lini alicheka hivyo kwangu.

Mzungu mmoja amebaki nyuma. Amekipiga picha kipande cha ukuta kilichosimama, akauliza kwa upole ni cha karne ya ngapi.

Karne! Kumbe nilikosea pa kuanzia. Hawa hawatafuti nyumba, wanatafuta magofu. Kesho nabomoa jiko, zizi na choo ili eneo lipanuke. Nimempelekea Ruthu ujumbe kwamba arudi, makazi yetu yamepanda hadhi. Amemtuma Zipora aulize kama nimekula. Nimesema bado, ila mambo yanakwenda vizuri, na asimwambie Matonya habari ya magofu. Yeye naye ana ghala bovu kule nyuma, na namjua kwa kuiga.