Behewa la Baba, Daraja la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata! Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kidevu, lakini wazo ni zima.

Baba yuko kitandani mwezi wa pili sasa. Moyo umechoka, daktari amesema, na dawa zimefika mwisho. Dada yangu amehamia pale nyumbani kumsaidia Mama kuuguza. Kaka Mkubwa naye anakwenda kila siku. Mikono mitupu! Anavuta kiti, anamsomea Baba gazeti, wanacheka. Na mimi, fundi pekee katika ukoo mzima, sijawahi kuambiwa hata "umefanya vizuri."

Mpango: Baba alikagua tiketi kwenye behewa la daraja la pili miaka thelathini na moja. Nitamtengenezea behewa lile lile, dogo, refu kama kiganja na nusu. Nimelipata la plastiki kwenye duka la mitumba, jekundu, lenye viti vya ovyo. Nitalikata, nitalipanga upya ndani, nitalipaka rangi zake halisi. Kaka atakoma.

Jumatano, 5 Machi

Nimeng'oa paa kwa wembe. Paa limetoka salama. Kidole gumba hakikutoka salama.

Nimejenga vyumba vinne kwa vijiti vya aiskrimu, nimevipiga msasa hadi vikawa vyembamba kama kadi. Tatizo: abiria niliowanunua wote wamesimama. Hawakai! Nimewakata miguu kuanzia magotini, watu kumi na mmoja. Sasa wamekaa vizuri kabisa na hakuna aliyenuna.

Mapazia ya behewa lile yalikuwa ya bluu. Bluu ile nyumbani kwangu ipo mahali pamoja tu, kwenye mtandio mpya wa mke wangu. Nimekata pindo, upana wa vidole viwili. Hataona.

Dada amepiga simu, Baba ananiulizia. Nimemjibu nina shughuli nyeti.

Ijumaa, 7 Machi

Ameona. Akauliza ni nani amekula mtandio wake. Nikasema panya. Akasema basi huyo panya atapatikana.

Vioo! Nimekata plastiki ya boksi la shati, vipande ishirini na vinne, nikavigandisha kwa supaglu. Baada ya saa moja vyote vimeingia ukungu mweupe. Kumbe mvuke wa gundi ndio unaovichafua! Mke wangu amepita, akachungulia, akasema masikini, abiria wanasafiri kwenye mvua. Nimevibandua vyote. Naanza upya na gundi ya watoto wa shule.

Jumapili, 9 Machi

Nimempelekea Baba behewa bila paa, aonje tu. Kaka alikuwepo, bila shaka, na gazeti lake.

Nililiweka kifuani kwa Baba. Amekonda. Mikono imekuwa mifupa mitupu, lakini alilishika vizuri, akaligeuza, akacheka bila sauti. Akagusa mlango wa nyuma kwa ukucha, akasema hapa ndipo alipokuwa akisimama treni ikiondoka. Nikavimba kifua! Nikamtazama Kaka. Alikuwa anafuta macho. Wivu mtupu.

Halafu Baba akasema, polepole, "Kiti hiki kitupu. Kaa."

Nikachungulia ndani ya behewa. Kweli! Chumba cha tatu, kiti cha dirishani, hakina mtu. Jicho la mkaguzi hilo! Nikalikwapua behewa nikaondoka mbio kwenda kurekebisha. Mama alikuwa ndiyo kwanza analeta chai. Dada akanifuata hadi mlangoni, akasema Baba alimaanisha kiti kilicho kando ya kitanda, kile alichonisogezea Kaka. Nikamwambia mambo ya mabehewa awaachie wenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Gurudumu lilianguka chini ya meza yangu ya kazi. Nikapeleka mkono. Pwaa! Mtego wa panya! Mke wangu akaja na bandeji, ametulia kuliko kawaida, akasema ajabu, huyu panya ana pete ya ndoa.

Kisha akakaa kwenye stuli na sauti yake ikabadilika. Akasema niende nikakae na mzee. Nikauliza niende vipi, mikono mitupu, kama Kaka? "Hivyo hivyo," akasema. "Kama Kaka." Wanawake hawaelewi mambo ya mashindano.

Abiria wa kumi na mbili ameshapata kiti chake. Sasa rangi: maziwa juu, kahawia chini, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Kila mkono unataka siku nzima kukauka.

Alhamisi, 13 Machi

Dada alipiga simu asubuhi. Baba hali chakula tena, anapumua kwa shida, nije sasa hivi. Lakini mkono wa tatu wa rangi ulikuwa bado mbichi! Ukiugusa, alama ya kidole inabaki milele. Nikasema saa kumi. Akakata simu.

Nikalipepea kwa gazeti. Nikalipepea kwa sinia. Saa tisa likawa kavu. Nikalifunga kwenye taulo, nikaenda kwa miguu lisitikisike.

Baba alifariki saa nane na nusu.

Behewa halina alama hata moja.

Jumamosi, 15 Machi

Tumezika.

Behewa nililiweka mezani sebuleni kwa wazazi, watu walione. Mtu mmoja alilisogeza apate pa kuweka chupa ya chai.

Nilimuuliza Kaka kama Baba alilitaja behewa. Akasema hapana. Alinitaja mimi, kwa jina, mara tatu, huku akitazama mlangoni. Kaka hakusema kwa ubaya. Alinishika bega na kulia kama mtoto.

Nimepiga hesabu. Tangu Baba augue nimekaa naye dakika kumi na mbili, na zote nilikuwa nimesimama. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi. Nilipotoka, mke wangu alikuwa amesimama nje ya mlango. Alinipa kitambaa.

Jumatatu, 24 Machi

Kosa langu nimeliona! Nimelifikiria siku tisa, na sasa liko wazi kabisa. Rangi ya mafuta. Ningetumia rangi ya maji, inakauka kwa saa moja tu.

Dada amerudi kwake. Mama amebaki peke yake. Alinipigia jana, akasema nyumba imekuwa kimya mno, mchana nipite tunywe chai. Sauti yake ilinichoma moyo. Kaka atapita kesho, mikono mitupu kama desturi yake.

Nikakumbuka: Mama na Baba walikutana kwenye behewa la chakula! Nitamtengenezea. Meza nane zenye vitambaa vyeupe, taa ndogo zinazowaka kweli. Nimemwambia anisubiri wiki tatu, nne hivi. Akasema nije hivyo hivyo nilivyo, yeye hataki kitu. Masikini Mama, hajui kinachomjia.

Paa la behewa jipya limeshang'oka. Meza mbili tayari.

Simu inalia. Ni Mama. Vidole vyangu vina rangi.

Atapiga tena.