Malalamiko Kuhusu Sauti Yangu Inayotisha Watu Hadi Dukani

Bi. Wakisaka Tomoe,
Mtaa wa Chini,
Mji wa Kamishiba.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Michezo ya Yoimachi,
Tokyo.

YAH: KUTISHWA KWA UMMA KWA KUTUMIA SAUTI YANGU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Huku kwetu persimoni zimeanza kuiva na nyani wameanza kuziiba, kwa hiyo tunajua majira yamebadilika. Natumaini hujambo, na kwamba vijana wako wanaokesha wakitengeneza michezo ya video wanapata japo bakuli la supu ya moto. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa haya nitakayokueleza.

Mimi ndiye mtangazaji wa vipaza sauti vya mji wa Kamishiba, vile vilivyofungwa juu ya nguzo. Kila siku saa kumi na moja jioni, kengele zikishapiga wimbo wake, husema: "Ndugu wakazi, jua linazama. Watoto, rudini nyumbani." Dubu akionekana karibu na shule, anayetangaza ni mimi. Mto ukijaa, ni mimi. Mzee akipotea, ni mimi. Nilianza kazi hii binti yangu akiwa chekechea, na sasa binti yangu ana mtoto wa chekechea. Katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuniogopa. Kusema kweli hakuna aliyewahi kunisikiliza pia, lakini hilo nitalifikia.

Mwaka juzi kijana wako Iwanaga alikuja ofisini kwetu na kinasa sauti na sanduku la keki za maharagwe. Alisema mnatengeneza mchezo wenye utulivu wa mji mdogo. "Mama, usibadilishe chochote," akaniambia. "Soma kama unavyosoma siku zote." Nikadhani ni mchezo wa kulima mboga, kama ule anaoucheza mjukuu wangu. Nikasoma. Nikanywa maji, nikasoma tena. Nilimwona amejikunyata, vinyweleo vimemsimama mikononi, nikaenda kumfungia dirisha.

Kumbe mchezo wenyewe ni wa kutisha. Msichana wa shule anatembea kurudi kwao katika mji usio na watu. Taa za barabarani zinawaka, mashine ya soda inanguruma, na kwa muda mrefu hakuna linalotokea. Kisha ninasema mimi, kutoka juu ya nguzo. Na kila nikisema, kile kinachomfuata kinasogea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siwezi tena kununua chakula kwa amani. Wiki ile mchezo ulipotoka nilisimama nyuma ya Mitsuki, binti anayepanga bidhaa dukani, nikamuuliza kwa adabu zote tofu zimehamishiwa wapi. Trei nzima ya mayai ikaenda chini. Alipotulia aliniinamia akasema, "Mama Wakisaka, nisamehe sana. Ila naomba uwe unakuja kwa mbele. Na ukiweza, nioneshe kwa kidole tu." Sasa nanunua vitu kwa kidole, kama mtalii.

2. Nyumbani kwangu hali si njema zaidi. Nilimwita mume wangu, Kozo: "Chakula tayari." Nikaona taa ya chumbani inawaka, kisha ya ukumbini, kisha hata ya chooni ambako hakuwa na shida yoyote. Ndipo akatokea, mgongo ukutani.

"Mbona umesema polepole hivyo?" akauliza.

"Nimesema kama siku zote."

"Ndiyo maana yake. Siku zote unasema hivyo, na mimi nilikuwa sijui."

Mtu niliyemzalia watoto sasa ananiomba nigonge sufuria kwa kijiko chakula kikiwa tayari. Nagonga, naye anakuja, kama ng'ombe anayerudi zizini.

3. Mchezo una makosa. Ili nipate ushahidi, niliazima kwa mjukuu wangu mashine yake ya michezo na nikaanza kucheza kila jioni, baada ya kazi. Nasisitiza ni kwa ajili ya ushahidi. Nimeshafika sura ya tano, na kule kwenye njia ya chini ya reli nimekufa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu mmeweka ngazi mahali pabaya.

Kosa kubwa ni yule mwanamke mwenye mdomo uliochanwa hadi masikioni. Mimi nilikuwa darasa la nne mwaka ule uvumi wake ulipoenea nchi nzima. Walimu walitusindikiza nyumbani kwa makundi, na kaka yangu alikojoa dirishani wiki nzima kwa kuogopa kwenda nje. Kwa hiyo namfahamu. Anakuja na barakoa, anauliza, "Mimi ni mzuri?" Ukisema hapana, umekwisha. Ukisema ndiyo, anavua barakoa na kuuliza, "Hata hivi?" Kila mtoto wa enzi zetu alijua dawa: unamjibu "Hivi hivi tu," naye anabaki akitafakari wakati wewe unatimua mbio. Au unamrushia peremende. Ninyi mmempa mchezaji nini? Kabati la kujifichia. Mtoto akikutana naye barabarani kweli, kabati atalitoa wapi?

4. Mzuka wa msichana wa choo cha shule, katika mchezo wenu, anaongea kwa lafudhi ya Tokyo. Shule ya Kamishiba haijawahi kuwa na mtu anayeongea vile, hai wala mfu. Hapa sina la kuongeza.

5. Wageni. Mmechora mji wetu mpaka ufa wa ukuta wa posta, na watu wakautambua. Sasa vijana wanashuka treni kutoka mbali, wamevaa nyeusi, wanajipanga chini ya nguzo na kusubiri saa kumi na moja. Nikisema "Watoto, rudini nyumbani," wanashikana mikono na kupiga mayowe ya furaha, na hakuna anayerudi nyumbani. Bwana Onishi muuza katlesi ameanza kuuza katlesi zilizopasuliwa mdomo na kumwagiwa tomato. Zamani alikuwa hanisalimii. Sasa anatoka nje ya duka kuniinamia. "Dada Wakisaka," ananiambia, "Jumamosi hii ukohoe kidogo tu kwenye kipaza sauti. Wateja watafurahi." Nilikataa. Jumamosi ile nilikohoa, ndiyo, lakini ilikuwa vumbi.

6. Kwa sababu ya haya yote Diwani Tokumitsu alipeleka hoja kwamba mji ununue sauti ya mashine. Alisimama mbele ya watu akasema, "Sauti isiyo na mtu haitamtisha mtu." Wakaileta kwa majaribio ya mwezi mmoja. Karani anaandika, mashine inasoma. Siku ya kwanza ilitangaza usafi wa mtaro kwa furaha kubwa, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na jina la mji ikalikosea. Diwani akasema itazoea.

Mheshimiwa, nilipewa kiti kando ya kabati la mafaili nikaambiwa nipumzike. Saa kumi na moja ilipofika nilikuta midomo yangu inatembea yenyewe. Sikumwambia mtu, hata Kozo. Ningemwambia kwa sauti gani?

7. Lalamiko hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo nakuomba ulisome umekaa.

Mwezi wa tisa, siku ya mvua, Fumie, binti wa mzee Yasuoka, aliingia ofisini ameloa bila mwavuli. Baba yake alikuwa mwalimu wetu wa hesabu zamani. Siku hizi akili yake huenda na kurudi. "Baba hayupo," Fumie alisema. "Nilikuwa naanika nguo ndani tu. Nilipogeuka hayupo."

Karani akaandika, mashine ikasoma. Mzee, miaka themanini na minne, shati la buluu. Maneno yote yalikuwa sahihi. Nilikuwa dirishani, nikamwona jirani wa ng'ambo akivuta dirisha lake na kulifunga ili asikie televisheni. Vijana waliokuwa chini ya nguzo na miavuli yao hawakuinua hata kichwa. Mto ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi.

Fumie akanigeukia. "Soma wewe. Nakuomba."

Karani akamtazama Diwani, aliyekuwa amekuja kuikagua mashine, Diwani akatazama viatu vyake. Nikakaa kwenye kiti changu cha zamani, mbele ya kipaza sauti.

"Ndugu wakazi," nikasema. "Tunamtafuta mzee wa miaka themanini na minne. Ametoka nyumbani peke yake. Amevaa shati la buluu, na miguuni ndala za chooni. Ukimwona, mwite kwa upole."

Nikanyamaza pale ninaponyamaza siku zote, nikarudia.

Vijana wote walikuwa wamegeuka kuitazama nguzo. Kisha wakatawanyika wawili wawili, kwa kuwa mchezo wako unafundisha kutotembea peke yako. Wakaangalia nyuma ya mashine za soda, chini ya daraja, ndani ya vibanda vya simu, kila pembe ambayo mtu mwenye akili timamu hupita bila kutazama. Bwana Kuroda, mkuu wa zimamoto, alikuwa bado anagawa makoti ya mvua wakati msichana mwenye nywele za kijani, anaitwa Sayo, alipotokea kwenye kona akiwa amemshika mzee Yasuoka mkono.

Alikuwa amemkuta kwenye kibanda cha basi kando ya mto, kwenye njia ambayo basi liliacha kupita kabla Sayo hajazaliwa. Maji yalikuwa yamefika kwenye ndala.

"Alituuliza, 'Basi limeshapita?'" Sayo alitueleza. "Mwenzangu akataka kukimbia. Mimi nikakumbuka kitu bibi yangu alinifundisha, kwamba ukiulizwa swali na mtu wa namna ile, usiseme ndiyo wala hapana. Nikamwambia, 'Hivi hivi tu.' Akacheka. Akasogea ili na mimi nikae."

"Mlijua ni mtu kweli?" nikamuuliza.

"Mwanzoni hatukujua. Tulidhani ni sehemu ya gemu, mama, kwamba mmeandaa tukio la kutushtua. Lakini mkono wake ulikuwa wa baridi, nikampa koti langu, akasema asante na akaanza kufunga vifungo. Mzuka hawezi kuhangaika na vifungo."

Fumie alikuwa amepiga magoti anamkausha baba yake miguu kwa skafu yake mwenyewe. Mzee akamuuliza kama kazi ya nyumbani ameshaimaliza. Akajibu ameimaliza. Kisha Fumie akaniangalia mimi akasema, "Sauti yako inatisha kweli, dada. Asante."

Basi nieleze wewe, Mheshimiwa. Kwa miaka mingi nimesoma majina ya wazee wa watu kwa upole, kwa utaratibu, na mji mzima ukafunga madirisha. Wengine walipatikana. Mmoja tulichelewa, na jina lake silitaji hapa. Halafu mnakuja ninyi na keki zenu za maharagwe, mnanipachika kwenye hadithi za watoto, na watu wanaanza kunisikiliza. Je, hiyo ni haki? Mtu atafutwe kwa sababu ni mtu. Asitafutwe kwa sababu anayemtangaza anasisimua mwili. Nimelifikiria hili usiku na mchana, na kila nikifika mwisho wa hoja namkuta mzee Yasuoka amekaa kwao anakunywa chai, inanibidi nianze upya.

Diwani Tokumitsu ameirudisha mashine. Alisema bajeti haitoshi. Nami nimerudi kwenye kiti changu kwa sababu ambayo siwezi kujivunia mbele ya mtu yeyote, ingawa nimemwandikia dada yangu kuhusu jambo hilo, na binamu zangu wawili.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nadai mambo matatu. Kwanza, sauti yangu itolewe kwenye mchezo wenu mara moja, na katika michezo yote mtakayotengeneza baadaye. Pili, muandike mwanzoni mwa mchezo kwamba Bi. Wakisaka wa Kamishiba ni mtu mpole, hupika vizuri, na huuliza tofu kwa nia njema. Tatu, mchezaji apewe peremende.

Nisalimie Iwanaga na umwambie avae sweta. Nisalimie aliyemchora yule mwanamke, maana pindo la koti lake limeshonwa kwa ustadi na fundi yeyote angeona hivyo. Wasalimie walinzi, wahasibu, na yule aliyeweka ngazi za njia ya chini ya reli, ingawa yeye msalimie baadaye kidogo kuliko wengine. Kozo anawasalimu nyote kutoka chumba cha pili.

Ni mimi, mwenye masikitiko na heshima,

Wakisaka Tomoe
Mtangazaji, Mji wa Kamishiba

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha Iwanaga alipopiga simu. Anasema mnatengeneza sehemu ya pili, na kwa kuwa mmesikia kwamba nimekwazika, mmemchukua mwigizaji kijana wa hapo Tokyo asome badala yangu. Akatuwekea kipande tusikilize. Mheshimiwa, yule binti anasoma "jua linazama" kana kwamba anauza sabuni. Hanyamazi popote. Kozo aliweka vijiti vyake chini akasema, "Huyu hata paka hamtishi." Basi dai la kwanza lipuuzeni, na lile la pili linaharibu kazi, kwa hiyo nalo lifuteni. Nitafika kwa treni ya asubuhi Jumatano, na ninahitaji chumba kisichopitisha upepo na maji ya uvuguvugu. Mume wangu atanisindikiza, lakini ameomba wakati ninasoma yeye akae jengo jingine.