Vikombe Vinne vya Kwenda Mirihi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa karakana katangaza: chombo kitakachotua Mirihi kina nafasi ya kipima upepo kimoja tu. Kimoja! Na tunaotengeneza tuko wawili. Mimi, wa vikombe vinne vinavyozunguka, na jirani yangu wa meza, Sindano, mwembamba wa mwili, mkali wa ulimi. Chake ni kijiti chenye waya wa moto. Upepo ukiupoza, anasoma kasi. Kimesimama tu, kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Vikombe hivi nimevilea miaka sita. Lazima viende!

Jumanne, 4 Machi
Shida ndogo. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Kwenye tangi la majaribio, pampu ilipokwisha kunyonya hewa, feni ikapuliza, na vikombe kimya. Sindano akaniuliza kwa upole kama vimelala au vimekufa. Nikamjibu vinafikiri. Jioni nimekata kitambaa cha hariri cha mke wangu, nikakipaka gundi. Vikombe vipya, vyepesi ajabu! Mke wangu kauliza kitambaa chake kiko wapi. Nikasema kiko njiani kwenda mbinguni. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Kesho jaribio la mwisho mbele ya Mkuu. Nimepitisha waya wa kamera mlangoni mwa tangi, ushindi urekodiwe, Sindano autazame kila anapokunywa chai. Mlango uligoma kidogo. Nikaufunga kwa goti.

Ijumaa, 7 Machi
Vilizunguka! Nikarukaruka, nikamkumbatia Mkuu. Sindano akauliza upepo unatoka wapi, maana feni haijawashwa. Nikamwambia aache wivu. Mkuu akapapasa mlango. Lo! Waya wangu umezuia mpira wa kuziba mlango usibane, hewa ya chumbani inaingia kwa pupa. Tukauchomoa, tukaanza upya, feni ikawashwa. Vikombe vikazunguka mara moja na nusu, vikasimama. Kijiti kikasoma kila pumzi.
Kinakwenda kijiti. Nimeumia, sikatai. Sindano kaniletea chai, akasema hata huo mzunguko mmoja na nusu hakuutegemea. Nimemwona hanitanii.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu kanipa kipima joto cha chombo hichohicho! Mimi! Mke wangu kanisamehe, ila kabati la nguo kalifunga kwa kufuli.
Nimekaa kulitafakari kosa langu, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nimeligundua: kamera ilikuwa moja, tena upande mbaya, uso wangu haukuonekana. Safari hii ziko tatu. Nyaya zote nimeshazipitisha mlangoni mwa tangi.