Kasha Lisilo na Tundu la Ufunguo

Watu walimwita Mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza, na hapo hasa ndipo ilipokaa riziki yake. Kwa mwenye paa linalovuja alikuwa mtaalamu wa mapaa, kwa mwenye ng'ombe tasa alikuwa mtaalamu wa mifugo, na asubuhi moja, akiwa kwenye kiti cha kinyozi na povu nusu ya uso, akageuka mtaalamu wa makufuli.

Aliyemgeuza ni mwenye duka la mabati, bwana mnene aliyekuwa akinyolewa kiti cha pili huku akilalama.

"Shangazi yangu kaja kukaa kwangu," alikuwa akimwambia kinyozi. "Kaja na kasha dogo la chuma, zito kama dhambi. Hata usingizini halimtoki ubavuni. Nikimuuliza, shangazi, mna nini humu? Ananijibu, mwanangu, nikifa mtajua. Sasa mimi simwombei mabaya, lakini mtu mwenyewe anakula, analala, anazidi kunawiri tu!"

"Si ulifungue?"

"Nilifungulie wapi? Halina tundu la ufunguo! Nimelipapasa juu, chini, ubavuni. Maua ya shaba tu kwenye pembe, basi."

Mtaalamu akafuta povu taratibu.

"Maua hayo," akauliza, kwa sauti ya daktari anayemuuliza mgonjwa kama ameacha watoto, "yana petali tano au sita?"

"Sijahesabu."

"Omba Mungu yasiwe sita."

Akafumba macho kama aliyemaliza. Mwenye duka akavumilia kidogo, akashindwa. "Yakiwa sita inakuwaje?"

"Ndani kuna chupa ya tindikali. Ukigonga nyundo tu, kila kilichomo kinakuwa uji. Nimeona mtu akilia mbele ya uji wa dhahabu. Si kitu cha kutazama."

Hakukuwa na haja ya maneno zaidi. Ndevu za mwenye duka zilibaki nusu, lakini mapatano yalikamilika: kesho yake, shangazi atakapopelekwa kliniki ya macho na mke wa mwenye duka, Mtaalamu angekuja. Akapewa malipo ya utangulizi palepale, akayatia mfukoni kwa kusitasita, kama mtu anayedhalilishwa na pesa.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Akiweza kulifungua, angechukua kilichomo, ajaze misumari ya dukani kwa bwana yule yule, alifunge, kisha aseme limemshinda. Yeye angeondoka na mali, mwenye duka angebaki na matumaini, na matumaini nayo si haba.

Chumba cha shangazi kilikuwa bora kuliko sebule. Godoro nene, feni mpya, redio, bakuli la matunda yaliyokwisha kumenywa. Kasha lilikuwa chini ya mto. Mtaalamu akamtoa mwenye duka nje akalinde mlango wa uani.

"Kufuli la aina hii lina haya," alimweleza. "Halifunguki mbele ya watu wawili."

Haki isemwe: maishani mwake hakuwahi kufungua kitu kigumu kuliko kopo la samaki. Lakini alipolipakata kasha, udadisi ukamshika. Maua ya shaba manne, moja kila pembe. Matatu yalijaa vumbi kwenye petali, la nne liling'aa. Mtu huligusa hili, akajisemea. Akalibonyeza; kimya. Akalizungusha, likagoma. Akalinyanyua kasha upande mmoja alitazame vizuri, na ndani kitu kikabingirika, gololi kwenye mfereji wake, hadi kikagota. Akalishikilia vile vile, limeinama, akazungusha ua tena. Safari hii likazunguka laini kama kifuniko cha chupa ya mafuta, na ubavuni mwa kasha kibati kikateleza, kikaacha mdomo wa kutosha ngumi.

"Kumbe," Mtaalamu akanong'ona, machozi yakimlengalenga, "kumbe kweli mimi ni mtaalamu!"

Akatia mkono. Akapapasa kitambaa, kisha kitu cha duara, baridi, kizito. Akakikumbatia kwa vidole vyote.

Kacha!

Kitu kikamkaba kifundo cha mkono. Akavuta. Akakanyaga kasha kwa mguu, akavuta tena. Akajipaka losheni ya shangazi hadi kwenye kiwiko. Akapata mkono laini, basi. Alikuwa amekaa sakafuni akinukia waridi, kichwa cha mwenye duka kilipotokea dirishani.

"Wanarudi! Daktari wa macho hakuja! Umefungua?"

"Karibu."

"Maliza haraka!" Kichwa kikatoweka, na punde sauti ile ile ikasikika upande wa mbele, tamu kama asali: "Shangaziii! Mbona mmewahi?"

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mfupi mwenye miwani, akamtazama mgeni aliyepakata kasha lake kama mtoto mchanga, kisha akaufunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, shangazi," Mtaalamu akasema, kwa kukosa lingine.

"Marahaba. Ingawa naona aliyeshika ni kasha." Akakaa kitandani, akavua viatu bila haraka. "Wewe ni fundi?"

"Mtaalamu."

"Wa nini?"

Akautazama mkono wake uliomezwa na kasha.

"Uliliinamisha kwanza, ndipo ukazungusha ua?"

"Ndiyo, mama."

"Una akili. Wenzako huleta nyundo."

Sifa ile ilimwingia, hata katika hali ile. Akajikaza. "Mama, tusisumbuane. Nikipiga kelele, mpwa wako ataingia na kukuta kasha li wazi."

"Piga. Atakukuta wewe ndani yake."

Mtaalamu akatafakari, akaiacha njia hiyo. "Basi niambie tu. Hiki nilichokishika, ni dhahabu?"

"Kitasa cha mlango."

"Kitasa?"

"Na vipande vya pasi ya mkaa, kwa ajili ya uzito. Mwanangu, ningekuwa na dhahabu ningekuja kukaa kwa watu?"

Feni ilizunguka. Mtaalamu alitazama godoro, redio, matunda yaliyomenywa, na kila kitu kikamkaa kichwani.

"Lakini huyu ni mpwa wako kweli?"

"Nilishuka basi, nikaomba maji dukani kwake. Akalitazama kasha, akaniuliza kwetu wapi. Nilipomtajia tu, akapiga kofi: basi wewe ni shangazi! Undugu aliuona mwenyewe. Ningembishia, mtu mzima?"

Akachomoa pini kwenye kilemba chake, akaiinua. "Hii ndiyo ya kukutoa. Lakini kila mlango una kiingilio chake."

Akayatoa yale malipo ya utangulizi mfukoni mwa shati la Mtaalamu, akamvua mkufu wa shingoni, akauuma. "Shaba."

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Mwanangu, niko kazini. Toa ya kweli."

Mtaalamu akaapa hana. Bahati mbaya, akiapa, jicho lake lilishuka hadi kwenye soksi ya kushoto, na jicho la shangazi likashuka nalo. Pete aliyoificha humo kwa siku ya dhiki ikahamia kwenye kidole cha shangazi. Ndipo pini ilipoingia katikati ya ua lenye vumbi zaidi, na mkono ukatoka, mwekundu na wenye harufu nzuri.

"Bado kitu kidogo," shangazi akasema, akifunga kasha. "Neno lako."

Akamwita mwenye duka. Bwana yule akaingia akitokwa jasho, akakuta shangazi akitabasamu. "Mpwa wangu, Mungu akubariki. Kasha lilikuwa likikwama, kumbe umeniletea fundi bila hata kuombwa!"

"Eeh... ndiyo, shangazi. Nilitaka nikushtukize."

"Bwana," Mtaalamu akasema, "nimetia mkono wangu mwenyewe. Nilichokishika humo, niache tu. Ila kasha hili linamjua yeye peke yake. Akiudhika akaondoka nalo, mmekwisha."

"Mke wangu!" mwenye duka akapaza sauti. "Shangazi ahamie chumba chetu, kina hewa!"

"Na sisi?" mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Sisi tuna afya!"

Kisha akaingiza mkono mfukoni ammalizie fundi haki yake. Shangazi akauwahi. "Hapana, baba. Fundi kaapa hachukui kitu kwa kazi ya wazee. Nipe mimi, nitamwombea dua." Akapewa yeye.

Mtaalamu akatoka barabarani akichua kifundo cha mkono. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amefanya kazi asubuhi nzima, akaifanya vizuri, akaumia, na akaondoka mikono mitupu. Akawatazama watu wa kazi halali waliokuwa wakipita wamenuna, na siku hiyo hakuona cha kuwacheka.