Mlinzi wa Majina

Alhamisi, 25 Aprili
Majaribio yetu ya kazi yanaisha Jumatatu. Kiti cha ajira ni kimoja, tuko wawili: mimi, ninayeogopa hata kuomba kalamu, na Momchil, anayetaniana na bosi kama shemeji yake. Lakini nina mpango! Programu yetu husoma mistari inayoeleza kitu gani kwenye tovuti kipakwe rangi gani. Kila kitu kina jina, na jina haliruhusiwi kuanza na tarakimu. Momchil huanza na tarakimu kila mara. Nitaandika mlinzi, kijiprogramu cha kukagua majina.

Ijumaa, 26 Aprili
Mlinzi yuko kazini. Majina ya Momchil yote nje! Bosi Rangel kanisifu mbele ya watu. Nikakimbilia chooni kwa haya. Momchil akasema nimekuwa askari wa forodha. Wivu. Nikamkaza mlinzi zaidi: herufi za Kilatini tu, nyingine zisipite. Momchil akauliza kama nimesoma kanuni yote ya majina. Nimesoma mwanzo. Mwanzo unatosha.

Jumapili, 28 Aprili
Leo ni Jumapili ya Matawi, kwetu Bulgaria sikukuu ya wote wenye majina ya maua. Mimi Temenuga, jina la ua, basi meza imejaa na mlango uko wazi. Siku hii wageni hawaalikwi, wanakuja tu. Kaja Momchil. Kaja bosi, na nyuma yake Mama Nevena, muuza maua, mteja wetu. Hakuna siku anayouza kama leo. Maua yote kwenye tovuti yake kayapa majina ya Kibulgaria, kwa herufi zetu, si za Kilatini. Mlinzi kayafukuza yote. Rangi hakuna, picha hakuna, wanunuzi hakuna.

Mama Nevena alikula keki yangu amenuna. Alipomaliza, akasema, "Mwanangu, na wewe unaitwa ua. Huyo mlinzi wako angekuacha nje ya nyumba yenu."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Momchil akafungua kompyuta katikati ya sahani, akasema kanuni inakubali herufi za lugha yoyote, akarekebisha. Wakampigia makofi. Mama yangu ndiye aliyeanza!

Jumatatu, 29 Aprili
Kiti kapewa Momchil. Mimi nimeongezewa majaribio, eti nisome kanuni hadi mwisho. Ya nini? Kosa nimeshaliona: mlinzi alikuwa mkali mno. Nimeandika mwingine, mpole, hamkatai mtu. Tarakimu, mabano, hata nafasi tupu, karibuni wote! Nimeshamweka kwenye tovuti ya mteja mwingine, daktari wa meno. Momchil kauliza nani kamkagua.

Wivu tu.